Panga Chini ya Unyayo: Uchambuzi wa Kisa cha Mauaji Katika Shamba la Korosho

Kisa hiki kilitokea katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Mtwara. Nilikifuatilia nikiwa msaidizi wa kisheria, tangu siku iliyofuata tukio hadi hukumu. Nimeondoa majina, kijiji, mwaka na mambo ya ukoo yanayoweza kumtambulisha mtu. Nitawaita Mzee, Kijana, Mjukuu na Mama, yaani mama wa marehemu. Mambo ya usiku ule nitakayoyasimulia yalisomwa mahakamani mbele ya watu, na Mzee na Mama wote wawili wanajua kwamba naandika.

Mazingira

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, watu wanahamia mashambani. Korosho zikishaokotwa na kutenganishwa na mabibo zinaanikwa, zinajazwa kwenye magunia, halafu zinasubiri siku ya kupelekwa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Siku hizo za kusubiri ndizo za wizi. Gunia moja ni ada ya shule, ni deni la salfa, dawa ya mikorosho, ni bati za nyumba. Kwa hiyo mtu analala kwenye kibanda pembeni ya magunia yake, na karibu kila kibanda kina panga au rungu.

Mzee alikuwa amevuka miaka 60. Msimu uliotangulia aliibiwa magunia mawili, akaenda kutoa taarifa, hakuna kilichorudi. Msimu huu alilala na mjukuu wake wa miaka 11, kwa sababu macho yake usiku hayakuwa mazuri na mtoto ndiye aliyekuwa mshika tochi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alikuwa wa kijiji jirani, na msimu huohuo alikuwa amefanya kibarua cha kuokota korosho katika bonde lile. Hakuwa jambazi wa kutisha mkoa, na pia hakuwa amepotea njia tu, maana alikuja usiku wa manane akiwa na panga na kiroba kitupu.

Usiku wenyewe

Mjukuu alisikia gunia likiburutwa. Akamgusa babu yake, akawasha tochi. Mzee akaokota kilichokuwa karibu na mkono, mpini wa jembe, akatoka na kuuliza, "Nani?" Kijana hakukimbia. Aliinua panga na kumjia. Pigo moja la panga lilichana ukuta wa makuti karibu na bega la Mzee, na alama ile niliiona mwenyewe kesho yake: mchano safi wa shibiri moja.

Mzee akapiga. Mpini ulitua kwenye mkono, panga likaanguka, Kijana akapiga goti na kulala kifudifudi.

Mzee akapiga mara ya pili, kichwani, kisogoni. Akapiga mara ya tatu, palepale.

Majirani walifika wakipiga kelele za mwizi, mmoja na kibuyu cha mafuta ya taa. Hapa kisa kinageuka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Mzee aliwazuia. Alisimama juu ya Kijana, akasema hachomwi mtu shambani kwake. Alivua shuka lake, akamfunga kichwa, akaita pikipiki. Wakampakia mshikaki, Kijana katikati, Mzee nyuma amemkumbatia ili asianguke. Zahanati walianza kuulizwa PF3, fomu ya polisi kwa majeruhi. Muda ukaenda. Alipopata gari la kwenda hospitali, alfajiri haikumkuta hai. Mzee akaenda mwenyewe kwa Mtendaji wa Kijiji na shuka lile lenye damu mkononi.

Neno moja kwenye maelezo

Kituoni Mzee aliandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa mbele ya polisi. Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kimakonde, lakini anakisema vizuri. Alieleza kwamba alimpiga Kijana "mpaka akatulia". Karatasi ilisema "mpaka akafa". Aliisaini kwa dole gumba bila kusomewa.

Msomaji asiyezoea kesi hizi ataona ni tofauti ndogo. Sivyo. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu, nayo ni kifo kwa kunyongwa. Jaji hana nafasi ya kuangalia umri, wala shuka, wala safari ya pikipiki. Akishaona kusudio, mkono wake umefungwa. Kuua bila kukusudia kuna uwanja mpana: kifungo cha maisha ndicho kikomo, na chini yake Jaji anapima. Anayempiga mwizi mpaka atulie anataka mwizi asimdhuru tena. Anayempiga mpaka afe anataka afe. Kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na kitanzi, na aliyechagua neno hakuwa aliyeulizwa.

Mzee alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Shtaka hilo halina dhamana. Akaingia mahabusu, na tukaanza kuisikia ile sentensi inayojulikana na kila ndugu wa mahabusu nchi nzima: upelelezi haujakamilika.

Watu walivyosema

Katika miezi ile nilisikia jambo ambalo lilinifundisha kuliko vitabu. Kijijini kwa Mzee walisema mwizi stahiki yake ni kufa, kwa hiyo Mzee aachiwe. Kijijini kwa Kijana walisema aliyeua stahiki yake ni kufa, kwa hiyo Mzee anyongwe. Vijiji viwili vilivyokuwa havisalimiani vilikuwa vinasimama juu ya wazo moja: mtu akitenda uovu wa kutosha, uhai wake unakuwa wa yeyote mwenye fimbo.

Mama alilisema kwa utulivu kuliko wote. Tulikaa barazani kwake, anachambua mbaazi kwenye ungo. "Mwanangu alikuwa mwizi," akasema. "Nimezaa, najua. Lakini gunia linahesabiwa kwa kilo, mwanangu anahesabiwa kwa nini? Ikiwa yule mzee atarudi kuvuna, basi mwanangu alikuwa si kitu." Kaka yake, mjomba wa marehemu, ambaye kwa desturi za ukoo wao ndiye msemaji, aliongeza kwamba hawataki fedha wala mbuzi. Wanataka sheria ifanye kazi yake. Sikuona kiu ya damu pale. Niliona mtu anayetafuta kipimo cha thamani ya mwanawe, na kipimo kikubwa alichoonyeshwa na nchi yake ni kamba.

Shehe wa kata alikuja na aya ya 178 ya Surat al-Baqara. Alikumbusha kwamba kisasi kimetajwa pale, na palepale umetajwa msamaha wa ndugu wa aliyeuawa na malipo kwa wema. Mwalimu mmoja Mkristo akaleta Kutoka, sura ya 22: mwizi akipigwa akifa wakati anavunja, hakuna hatia ya damu, lakini jua likiwa limemchomozea, hatia ipo. Nimeifikiria sana aya ile. Usiku na mchana vina kazi gani katika hatia ya mwizi? Mwizi ni yuleyule. Kinachobadilika ni yule mwenye nyumba. Gizani hajui kama amekuja kuiba au kuua. Jua likichomoza anaona.

Jambo moja shehe alilisema kwa uchungu, nami naliunga mkono. Katika mahakama zetu Mama hana kauli. Kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mama hawezi kudai kamba na hawezi kuisamehe. Yeye ni shahidi wa kutambua mwili, basi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtafuta tena Mjukuu na kumsikiliza bila haraka. Polisi walikuwa wamemuuliza kwa dakika chache, usiku uleule, mtoto akiwa anatetemeka. Mimi nilikwenda mara tatu, nikiwa na bibi yake, tukimenya mihogo. Mara ya tatu alisema mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyaandika.

La kwanza, Kijana alipokuwa chini alisema, "Basi mzee, basi."

La pili: "Babu alikuwa amekanyaga panga."

Hapo nyuma utetezi wetu wote ulikuwa umejengwa juu ya giza. Mzee angesema hakujua panga liko wapi, aliogopa Kijana asilifikie, akapiga tena kujiokoa. Sheria ingemsikiliza. Vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu, kama vilivyokuwa vikisomeka wakati wa kesi, vinampa mtu haki ya kujihami, kumhami mwingine na kulinda mali, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Aliyesababisha kifo akiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba hakuwa na njia nyingine ya kuokoa maisha yake hana kosa. Aliyezidisha nguvu katika kujihami na akaua, kosa lake ni kuua bila kukusudia.

Lakini kuna mlango wa tatu, na ndio uliomtia hofu wakili aliyeteuliwa na mahakama kumtetea. Kama hatari ilikwisha kabisa kabla ya pigo la pili, Jaji anaweza kusema pigo lile halikuwa kujihami kulikozidi. Lilikuwa shambulio jipya. Mahakama ya Rufani ina vipimo vyake vya kutambua kusudio: silaha iliyotumika, nguvu, sehemu ya mwili, idadi ya mapigo, maneno ya mshtakiwa, mwenendo wake kabla na baada. Kisogo, mara mbili, mtu akiwa kifudifudi. Ripoti ya daktari ilionyesha hivyo bila utata. Ongeza "mpaka akafa" kwenye maelezo.

Nilimweleza wakili alichosema mtoto, tukaenda wote mahabusu. Wakili alimuuliza Mzee swali moja tu, panga lilikuwa wapi. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaangalia mguu wake wa kulia, akavua kandambili, akasugua unyayo sakafuni kama mtu anayefuta kitu. "Nililihisi bapa," akasema. "Lilikuwa la baridi. Nilijua hana kitu."

Wakili akamuuliza sasa kwa nini alipiga. "Magunia ya mwaka jana," akajibu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wake mwenyewe, na nataka hilo lieleweke. Tulimweleza njia zote: kupigania kuachiwa huru na kuhatarisha kamba, au kuomba upande wa mashtaka ukubali kosa la kuua bila kukusudia, akikiri ukweli wote. Hatukumwambia aseme nini. Alisema hataki mjukuu wake asimamishwe mbele ya Jaji kueleza lile aliloliona, wala kuulizwa aongope.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu kwangu binafsi. Maelezo ya kosa yangesomwa mahakamani, na ndani yake lile "basi". Mama angelisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili asiyemjua, katika chumba kilichojaa watu. Baada ya wakili wa Serikali na wakili wa utetezi kuafikiana juu ya maelezo yale, nao wakijua ninakokwenda, nilifunga safari hadi kwake nikamweleza. Aliniuliza, "Alisema mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili. Akarudia kwa midomo, bila sauti. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Ukoo wa Mzee nao ulitaka kwenda kuhani na kupeleka mchele na sanda iliyokwisha lipiwa. Tuliwazuia mpaka hukumu ipite, ili isionekane ni kuwanunua mashahidi. Walilalamika. Najua iliwaumiza, maana kwetu kuchelewa kuhani ni tusi.

Matokeo

Upande wa mashtaka ulikubali. Mahakama Kuu, Mtwara, ilimtia Mzee hatiani kwa kuua bila kukusudia. Jaji alitaja panga chini ya unyayo, akataja pia shuka na pikipiki, na umri, na miaka miwili na miezi saba ya mahabusu. Akampa miaka 4 kuanzia siku ile. Mjomba alitikisa kichwa akatoka. Mama alibaki hadi Mzee alipoondolewa, wakatazamana. Hawakusemeshana.

Uchambuzi: pigo la kwanza na yaliyofuata

Pigo la kwanza lilikuwa halali, na ningempa mkono aliyelipiga. Kama Kijana angekufa kwa pigo lile, ningesimama popote nikasema Mzee hana hatia. Lakini nieleze kwa nini, maana hapa ndipo vijiji vyote viwili vilikosea. Halikuwa halali kwa sababu Kijana alikuwa mwizi. Lilikuwa halali kwa sababu panga lilikuwa hewani na nyuma ya Mzee kulikuwa na mtoto. Haki ya kuua katika kujihami inazaliwa na hatari, na hatari ikifa nayo inakufa. Hatia ya aliye chini haiirefushi hata kwa sekunde moja. Angekuwa mwendawazimu asiye na hatia yoyote, pigo la kwanza lingekuwa halali vilevile. Na hata angekuwa ameiba wilaya nzima, la pili lingekuwa batili vilevile.

Mzee alilijua hilo kwa mguu wake kabla ya wakili yeyote kumweleza. Nililosikia mahabusu ni mtu aliyejua hasa ni lini kujihami kuliisha na kulipiza kukaanza.

Sasa niseme ninaloamini kuhusu kamba. Mtu anayepelekwa kunyongwa amefungwa. Amekaa gerezani miaka. Hana panga, na aliye juu yake amelikanyaga kwa mguu wa dola nzima. Tukikubali kwamba Mzee alikosea kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka na kusema "basi", kwa kanuni gani Serikali ifanye jambo lilelile kwa mtu aliyeanguka zaidi?

Jibu lenye nguvu ninalolijua ni hili: mahakama haipigi kwa hasira ya magunia ya mwaka jana. Imesikiliza ushahidi, ina rufaa, inatoa stahiki ya kosa. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Silifananishi jopo la majaji na kundi lenye kibuyu cha mafuta ya taa. Lakini utaratibu mzuri unatuhakikishia kwamba aliyepigwa ndiye mwenye hatia. Hautuambii kwamba mwenye hatia, akiwa hana tena uwezo wa kudhuru, anaweza kuuawa. Na hata huo uhakika wa kwanza, katika kisa hiki, ulikuwa umeandikwa neno "akafa" mahali pa "akatulia". Kifungo kingerekebishwa siku kosa lile lingegunduliwa.

Nchi yetu yenyewe haijatulia katika jambo hili. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha utu, lakini ikaiacha, ikisema inalindwa na Ibara ya 30(2) inayohusu maslahi ya umma. Tangu katikati ya miaka hiyo ya tisini hakuna aliyenyongwa. Septemba 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hapendi kutia saini ya kunyonga. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia Jaji nafasi ya kupima, inavunja haki ya kuishi. Wakenya nao, katika Mahakama yao ya Juu, walikuwa wameamua mwaka 2017 kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakwenda kinyume cha Katiba yao. Kwa hiyo tuna kamba ambayo majaji wanalazimika kuitamka na marais wanakataa kuivuta. Anayebaki katikati ni mtu aliyehukumiwa, anayeamka kila siku bila kujua, na familia ya marehemu iliyoahidiwa kitu kisichokuja.

Mama ndiye ninayemfikiria zaidi hapo. Hoja yake kuhusu thamani sijaweza kuipangua yote. Miaka minne ni michache machoni pa mzazi, na singethubutu kumwambia vinginevyo. Lakini nilichokiona ni kwamba swali lake la mwisho kwangu halikuwa la kamba. Aliuliza mwanawe alisema mara ngapi.

Yaliyoshindikana

Maelezo ya onyo tulichelewa kuyaona, yapata mwaka mzima. Siku hizi siku ya kwanza tunahakikisha mtu anajua haki yake ya kusomewa alichoandikiwa kabla hajaweka dole, na ya kuwa na ndugu au wakili.

Mjukuu tulimwacha. Alitusaidia, tukapata tulichotaka, tukaondoka. Alikuwa ameona mtu akipigwa hadi kufa na akabeba miezi mingi siri ya panga la babu yake. Bibi yake aliniambia baadaye kwamba mtoto hashiki tochi, hata ya kwenda chooni. Hilo ni kosa letu, langu kwanza, na mganga wa zahanati aliyejitolea kuzungumza naye alikuja akiwa amechelewa sana.

Suala la PF3 tulilipeleka kwenye mkutano wa kata. Aliye mahututi anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Wahudumu walisema wanajua hivyo. Usiku ule haikuwa hivyo.

Na mashamba? Msimu uliofuata mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao kabla korosho hazijaanza kudondoka. Watu wa bonde lile wakakubaliana kulinda kwa zamu, wanaume wanne pamoja badala ya kila mtu na kibanda chake, kila mlinzi na filimbi, na magunia yasilale shambani zaidi ya usiku mbili kabla ya kwenda ghalani. Mapanga hayakuondoka. Lakini safari hii yalikaa kwenye kibanda kimoja, kwa mtu mmoja, na mwenye zamu alipaswa kupuliza filimbi kwanza.